Somo: Nchi Tuitazamayo kwa Mbali

Someni: 4 Mose 27:12-23; 5 Mose 34:1-9.

Siku moja tulitoka Bigwa kabla ya jua kuchomoza, tukaenda Morogoro mjini, kisha tukapanda mpaka Morningside, penye nyumba ya kale iliyojengwa wakati wa Wajerumani. Njiani tulipishana na akina mama wa Kiluguru wakishuka sokoni, mboga na ndizi vichwani. Wakatusalimu, wakatucheka kidogo, maana sisi tulihema bila mzigo, nao walikuwa na mizigo bila kuhema.

Tulipofika juu tukageuka kutazama. Mji wote ulikuwa chini yetu. Upande wa magharibi vilima vya Mindu, na mbele nchi tambarare mpaka macho yakachoka. Nyuma yetu kilele cha Lupanga, chenye mita 2,138, kilikuwa kimejifunika wingu.

Ndipo tukamkumbuka Mose. Yeye naye alipanda mlima, ndio Nebo, katika nchi kavu ya Moabu, ambayo leo ni sehemu ya Yordani. Akaiona nchi ya ahadi yote, lakini hakuingia, kwa ajili ya kosa lake penye maji ya Meriba. Mtu mwingine angalisema: "Nchi nisiyoiingia yanihusu nini?" Mose hakusema hivyo. Alipoambiwa ya kuwa atakufa, aliomba watu wapewe kiongozi, wasiachwe bila mchungaji. Kisha akamwekea Yoshua mikono.

Basi, sisi twajifunza nini? Maji ya Uluguru hushuka katika Ngerengere na Ruvu, nao Ruvu huwanywesha watu wa Dar es Salaam kabla ya kuingia baharini karibu na Bagamoyo. Msitu ukikatwa, mvua huporomosha udongo, vijito huwa matope wakati wa masika, tena hupungua wakati wa kiangazi. Kwa hiyo serikali iliufanya msitu huu kuwa hifadhi ya mazingira asilia mwaka 2008. Lakini mwenye shamba mlimani naye aweza kusema: "Nami ninao watoto wa kulisha." Neno hili lisidharauliwe. Anywaye maji bondeni anayo deni kwake yeye atunzaye chemchemi.

Mkulima aachaye miti kando ya kijito hatamwona mama wa Dar es Salaam achotaye maji yale. Nebo yake ni shamba lake. Hapo hufanya kazi kwa ajili ya nchi asiyoiingia, na Mungu amwona.

Maswali ya kujiuliza nyumbani:

1. Mose aliwaombea watu nini alipojua ya kuwa hataingia?
2. Ni nani aishiye chini ya kijito chako?
3. Nawe unywaye, umemtendea nini atunzaye chemchemi?