Shingo Ikikaza na Pumzi Ikipungua: Pima Mapafu Kabla ya Kukandwa

Anayeshinda ameinamia kompyuta katikati ya jiji la Nairobi au Westlands, kisha akainamia simu ndani ya matatu hadi Kangemi au Uthiru, anaijua shingo iliyokaza. Pumzi nayo ikianza kumpungukia, ni rahisi kuamini kwamba akikandwa shingo atapona yote mawili. Kabla hujalipia tiba hiyo, jua inasaidia wapi na inakomea wapi.

Shingo na pumzi

Kazi kubwa ya kuvuta hewa hufanywa na kiwambo, msuli uliotanda kati ya kifua na tumbo. Misuli ya shingo inayoshikana na mbavu za juu, kidari na mtulinga huja kusaidia unapokimbia au mapafu yanapolemewa. Ndiyo maana mwenye pumu isiyodhibitiwa huhema kwa shingo, hadi misuli hiyo ikachoka na kuuma. Shingo ndiyo inayolalamika, lakini ugonjwa uko kifuani.

Tiba ya mikono

Mojawapo ya tiba za kukandwa ni osteopathia, iliyoasisiwa Marekani na daktari Andrew Taylor Still mwaka 1874. Mtaalamu hukanda na kunyoosha misuli, na kulegeza viungo vya shingo na mbavu. Tiba hii yaweza kupunguza maumivu ya shingo na kurahisisha kuigeuza. Kuhusu pumzi, tafiti nyingi ni ndogo na za muda mfupi. Hazijathibitisha kwamba inaongeza uwezo wa mapafu kwa kudumu. Usiache inhela wala dawa kwa sababu umekandwa.

Hatua za kufuata

1. Anzia kwa daktari. Omba kipimo cha spirometri: unapuliza kwa nguvu kwenye mrija, na mashine inaonyesha kiasi cha hewa unachotoa na kasi yake. Ukikohoa kwa wiki mbili au zaidi, pimwa kifua kikuu.

2. Uliza leseni. Nchini Kenya, wataalamu wa fiziotherapia, ambao nao hutibu kwa mikono, husajiliwa na baraza lao, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 2014. Aliyesajiliwa hataona vibaya kuulizwa.

3. Kataa shingo yako kuzungushwa ghafla ili ialike. Ni nadra, lakini mshipa wa damu unaweza kuchanika na kuleta kiharusi. Sema mapema kama mifupa yako ni dhaifu, umepata ajali, au unatumia dawa za kuzuia damu kuganda.

4. Fanya zoezi nyumbani. Lala chali, mkono mmoja kifuani na mwingine tumboni. Vuta hewa puani hadi mkono wa tumboni uinuke, kisha itoe polepole kama anayepoza chai. Rudia kwa dakika tano.

Usingoje

Ukishindwa kumaliza sentensi kwa kukosa pumzi, midomo ikigeuka buluu, au kifua kikibana, nenda mara moja kwenye kitengo cha dharura cha hospitali iliyo karibu. Fanya hivyo pia ikiwa baada ya kukandwa utapata kizunguzungu kikali, uso kupinda au ulimi kuwa mzito. Mapafu yakishapimwa na chanzo kutibiwa, ndipo tiba ya shingo itakapokufaa.