Tangu lini aliyefunga akanywa maji?

SHANGAZI, shikamoo. Nina rafiki yangu tangu sekondari, ni zaidi ya dada. Yeye yuko benki; mimi nilikuwa kampuni ya mizigo hadi mkataba ulipoisha mwezi Machi, jambo ambalo sijamwambia. Kila mwisho wa mwezi tunakula chakula cha mchana mgahawa mmoja pale Posta, meza za nje chini ya miavuli, na tunalipa kwa zamu. Juzi, Jumatano, zamu ilikuwa yangu. Mkobani nilikuwa na elfu kumi na mbili, humo humo nauli. Nikamwambia nimefunga, aagize yeye tu. Akaagiza supu. Jua lilikuwa kali, nikajisahau nikanywa maji yake yote. Bili ilipokuja akailipa harakaharaka, tukaagana. Tangu hapo nikimwandikia ananijibu "poa" na "nipo bize". Nahisi cheo kimempanda kichwani. Nikope nimpeleke sehemu ya maana nirudishe heshima yangu, au nimwache?
Msomaji, Tabata

Marahaba, mwanangu. Barua yako ilikuwa kurasa nne, na mbili kati ya hizo zilihusu viatu vya rafiki yako, gari lake na namna anavyomwita weita. Nimezitupa. Nimebaki na sentensi moja uliyoipitisha mbio kama mtu anayevuka Barabara ya Morogoro: "nikajisahau nikanywa maji yake yote."

Tangu lini aliyefunga akanywa maji saa saba mchana? Tena Jumatano! Wanaofunga sunna tunazijua siku zao, Jumatatu na Alhamisi. Tuseme ulikuwa unalipa deni la Ramadhani. Sawa. Aliyefunga kweli akijisahau akanywa, saumu yake haivunjiki, lakini akikumbuka hushtuka, akaweka glasi chini na kuomba radhi kwa Mola wake. Wewe ulimaliza maji, ukapangusa midomo, ukaendelea na mazungumzo. Hukusahau kwamba umefunga. Ulisahau kwamba umedanganya.

Na mwenzako aliona. Mtu aliyekaa nawe dawati moja sekondari anajua hata unavyokohoa ukiwa na jambo. Sasa turudi kwenye ile bili, maana umeisoma vibaya. Unasema aliilipa harakaharaka kwa sababu ya cheo. Mimi nasema aliiwahi ili weita asije akaiweka mbele yako. Hiyo inaitwa stara, mwanangu. Alikusitiri mbele za watu, wewe umekuja kumsema gazetini. Akarudi ofisini na swali lake: nimemfanyia nini huyu hata anione mtu wa kudanganywa? "Poa" na "nipo bize" ni maneno ya mtu aliyeumia na hajui aanzie wapi kuuliza.

Kukopa: usithubutu. Mikopo ya kausha damu haikupewa jina hilo kwa utani. Kumwacha: umwache kwa kosa gani, kukulipia?

Hapa kwenye neno lako heshima nitakaa kidogo, mhariri anisamehe. Sisi tuliokulia Tanga tulitumwa tukiwa wadogo kupeleka sahani za futari kwa majirani, zimefunikwa kawa, na tulijua sahani hairudi tupu. Nyumba moja itairudisha na kipande cha mkate wa kumimina, nyingine na ndizi mbivu mbili, na yule mjane wa kona ya mtaa, ambaye kila mtu alijua hali yake, aliirudisha na malimau ya mti wake. Sikuwahi kumsikia mama yangu akipima malimau yale kwa thamani ya tambi zake. Ila mjane yule angesema "rudisha, tumeshakula", mama angekosa usingizi. Kukataa sahani kulikuwa ni kukataa watu.

Nyinyi wa mjini mmeigeuza zamu kuwa daftari la deni. Supu kwa supu, juisi kwa juisi. Matokeo yake mtu anaweza kutoa miaka na miaka bila shida, lakini siku akitakiwa kupokea anatafuta saumu ya kujifichia. Nisikilize vizuri: anayejua kutoa tu, kupokea hajui, anapenda kuwa juu ya wenzake. Ukimwita huyo mwenye heshima unamsingizia; ana kiburi, na wewe unacho. Mkataba kuisha si wizi. Hukufumaniwa, hukufukuzwa kwa ulevi. Ungesema "shoga, mwezi huu sina, nilipie" pale pale chini ya mwavuli, mngecheka na ungekula.

Umejinyima na jingine. Huyo yuko benki, kila siku anakaa na wafanyabiashara, wakiwemo hao hao wa mizigo. Nafasi nyingi za kazi Dar husikika mezani kwanza. Utaambiwaje kuna nafasi na mtu anayeamini bado una kazi?

Basi leo jioni mpigie. Usimwandikie, ujumbe atausoma katikati ya kikao na kukujibu "poa" nyingine. Akipokea usizunguke: "Siku ile sikuwa nimefunga, sikuwa na hela. Kazi iliisha Machi, niliona aibu kukwambia." Ukishasema hayo nyamaza, umwachie nafasi. Akikugombeza, gombezwa.

Kisha mwalike Coco Beach, Jumamosi baada ya alasiri, kwenye mihogo na chachandu. Alipie nani? Wewe, kwa elfu kumi na mbili hiyo hiyo, na nauli itabaki. Nje ni nje, na kule kuna upepo wa bahari. Mimi sijawahi kuwaelewa watu wanaoacha pangaboi ndani wakaenda kula kwenye moshi wa bodaboda ili wapita njia waone wameagiza nini. Mwezi ujao akitaka kukurudisha Posta, nenda, agiza unachokitamani, na bili ikija mwache alipe, umwambie ahsante.

Asipopokea simu leo, mpe siku tatu umpigie tena. Asipopokea na mara hiyo, nenda kwake Jumapili asubuhi, na usiende mikono mitupu. Hata malimau yatatosha.