Chini ya Mretemu

Soma kwa ajili ya somo hili: 1 Fal. 18:41–19:18, Zab. 42, Mk. 2:1–5, Gal. 6:2, Kol. 4:14.

Fungu la kukariri: 1 Wafalme 19:7.

Juni na Julai baridi huwa kali katika Nyanda za Juu Kusini. Fikiria mama mmoja wa Uyole, Mbeya, ambaye zamani alifika shambani kabla ya jua kuchomoza. Sasa ni wiki ya tatu anajifunika blanketi hadi mchana. Chakula hakimpiti, usingizi hauji, na akiulizwa hujibu kwamba amechoka tu. Majirani wanasema ni baridi. Shangazi yake anasema amerogwa. Katika darasa lake la Shule ya Sabato mmoja anasema imani yake imepungua. Wote wanampenda, lakini hakuna aliyeketi naye kumwuliza anaumwa nini.

Soma 1 Wafalme 19:1–4. Eliya alikuwa ametoka kufanya nini? Sasa anaomba nini?

Nabii aliyechoka

Juu ya Karmeli Eliya alisimama mbele ya manabii 450 wa Baali, na moto ukashuka. Kisha akakimbia mbele ya gari la Ahabu hadi Yezreeli. Baada ya ushindi huo, tishio la Yezebeli lilitosha kumwangusha. Alimwacha mtumishi wake Beer-sheba, akaingia jangwani peke yake, akaketi chini ya mretemu na kuomba afe. Hakuwa ameacha kusali. Hata ombi hilo la kufa alilipeleka kwa Mungu. Basi uzito wa huzuni si kipimo cha imani.

Kila mtu huhuzunika, na mara nyingi huzuni hupita. Lakini ikidumu wiki mbili au zaidi, ikaondoa usingizi, hamu ya kula, furaha na nguvu za kazi, huenda ni ugonjwa uitwao sonona. Mwingine husumbuliwa na wasiwasi: moyo kwenda mbio, kutetemeka, hofu isiyo na sababu ya wazi. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2019 mtu 1 kati ya 8 duniani alikuwa akiishi na tatizo la afya ya akili. Darasa la watu 16 lisidhani kwamba jambo hili ni la wengine.

Tiba ya Mungu

Soma 1 Wafalme 19:5–18. Andika kwa mpangilio mambo ambayo Mungu alimfanyia Eliya.

Kwanza usingizi, kisha mkate na maji, kisha usingizi tena na chakula tena. Malaika hakumkemea. Alimgusa, akakiri kwamba safari ilikuwa kubwa kuliko nguvu zake. Huko Horebu Mungu alimwuliza swali, akamwacha aseme yote, hata mara mbili. Ndipo akampa kazi, akampa Elisha wa kufuatana naye, na kumjulisha kwamba wako 7,000 wasiomsujudia Baali. Hakuwa peke yake kama alivyodhani.

Maombi na matibabu

Luka aliyeandika Injili alikuwa tabibu. Wale wanne wa Marko 2 walimbeba mgonjwa kwa mikono yao. Imani yao ilionekana katika kubeba.

Hospitali ya Mirembe imehudumia wagonjwa wa akili Dodoma tangu 1927. Kwa familia ya Iringa hiyo ni safari ndefu kupitia Mtera, na wapo waliomficha mgonjwa ndani hadi hali ikaharibika. Leo msaada uko karibu zaidi. Mtu aweza kuanzia kituo cha afya, na Hospitali ya Rufaa ya Mkoa wa Iringa na ile ya Kanda Mbeya hutibu magonjwa haya. Dawa za sonona huchukua wiki kadhaa kufanya kazi, na haifai kuziacha bila ushauri wa daktari, hata mgonjwa akijisikia nafuu. Usingizi, mwanga wa jua, mazoezi na ushirika husaidia. Ulanzi hausaidii, pombe huzidisha sonona.

Akisema amechoka kuishi

Asidhaniwe kwamba anatania. Aulizwe waziwazi, kwa upole, kama anafikiria kujiua. Swali hilo halimpandikizii wazo. Humfungulia mlango wa kusema. Asiachwe peke yake. Dawa za kunyunyizia viazi na nyanya ziondolewe nyumbani na kufungiwa mbali. Apelekwe hospitali siku hiyohiyo. Siri ya namna hii haitunzwi, hata kama ameomba itunzwe.

Yule mama wa Uyole hahitaji hotuba. Anahitaji dada wawili wa darasa lake waje na uji wa moto, wakae, wasikilize, waombe pamoja naye kwa ufupi, na kesho yake wamsindikize kwa daktari.

Maswali ya kujadili

1. Ni maneno gani tunayowaambia wenye huzuni ambayo malaika hakumwambia Eliya?

2. Mtunga Zaburi ya 42 anaieleza nafsi yake iliyoinama mbele ya Mungu. Je, darasani kwetu mtu anaweza kusema hivyo bila kuaibishwa?

3. Nani hajaonekana kwa Sabato mbili au tatu? Kabla ya kufunga somo, kubalianeni ni nani atakayemtembelea, na lini.