Somo la Mwezi: Maafa Yanavyoingia Nyumbani



Mwezi huu tumechagua somo ambalo kila nyumba ya pwani na visiwa vyetu inalijua kwa machungu yake, ingawa mara chache tumekaa pamoja kulichambua. Maradhi ya kuenea, mafuriko, vita na njaa huhubiriwa juu yake, huombewa, na waliokufa huzikwa kwa heshima. Lakini maafa yana upande wa pili, nao ni upande wa hesabu. Wako watu ambao hawakuugua hata siku moja, na bado wakamaliza mwaka wakiwa wamepoteza nyavu, mbuzi na nafasi ya mtoto shuleni. Yatupasa tujue hasara hiyo ilipita njia gani, maana adui ambaye njia yake haijulikani hawezi kuzuiwa.

Mfano wetu mkubwa utakuwa Rukuba, kisiwa cha Kata ya Etaro katika Musoma Vijijini. Wenzetu wa kisiwani wanategemea ziwa, na walio bara wanawategemea wao kwa kitoweo na biashara, kwa hiyo somo lao ni letu sote.

1. Maafa si mambo mapya

Katika miaka ya 1890 ugonjwa wa sotoka uliingia Afrika Mashariki na kuteketeza sehemu kubwa sana ya ng'ombe, hata katika mbuga za Serengeti na nchi zinazoizunguka. Hapakuwa na kiwanda cha kufungwa wakati huo, lakini ng'ombe walikuwa ndiyo benki, ndiyo mahari, ndiyo maziwa ya watoto. Walipokwisha, njaa na ndui vikafuata. Mashamba na malisho yaliyoachwa yakageuka vichaka, na vichaka vikaleta mbung'o.

Baadaye kidogo, tangu mwaka 1900 hivi, ugonjwa wa malale uliwaua watu zaidi ya 200,000 upande wa Uganda wa ziwa letu. Kati ya 1906 na 1909 serikali ya kikoloni iliwahamisha watu kutoka pwani ya Buganda na Visiwa vya Sese. Wavuvi wakatenganishwa na maji yao. Hapa twajifunza neno la kwanza: mara nyingi nyumba huumizwa na ugonjwa wenyewe, na kisha huumizwa tena na hatua za kuuzuia ugonjwa. Hatua hizo huenda zikawa za lazima kabisa. Hata hivyo zina gharama, na yuko mtu anayeilipa.

2. Soko likifungwa mbali, ufuko huumia

Mwishoni mwa 1997 mvua za El Niño zilileta mafuriko, na kipindupindu kikaenea Afrika Mashariki. Nchi za Jumuiya ya Ulaya zikazuia samaki wabichi kutoka Tanzania, Kenya, Uganda na Msumbiji, na zuio hilo likaendelea hadi katikati ya 1998. Shirika la Afya Duniani lilisema kwamba kipindupindu hakikuwa sababu ya kutosha ya kuzuia vyakula hivyo. Lakini soko lililojaa hofu halisubiri hoja. Mwaka 1999 soko likafungwa tena, safari hii kwa sababu ya habari za watu waliokuwa wakivua kwa sumu.

Angalieni jinsi hasara ilivyotembea. Kiwanda cha minofu kikikosa mnunuzi, hupunguza zamu za wafanyakazi. Wakala wa kiwanda naye hupunguza safari za mashua ya barafu. Tajiri wa mtumbwi hupewa bei ndogo, na vijana wake hupata mgawo mdogo. Mama lishe wa mwaloni huuza sahani chache, na mwenye duka hujaza daftari la mikopo. Mlaji wa mjini labda hufurahi kwa muda, kwa kuwa sangara ameshuka bei. Lakini huyo mlaji naye akiwa mfanyakazi wa kiwanda kile kile, furaha yake haidumu.

Katika mwaka 2020 tuliona mnyororo huo tena. Mgonjwa wa kwanza wa UVIKO-19 katika Tanzania alitangazwa Machi 16, na siku iliyofuata shule zikaanza kufungwa. Nchi yetu haikuwafungia watu wote majumbani kama wengine walivyofanya, lakini wateja wetu walikuwa wamefungiwa. Hoteli za Ulaya hazikuwa na wageni wa kula minofu, na ndege za abiria, ambazo matumbo yake hubeba mizigo mingi ya samaki, zilikaa chini. Mabondo yanayopelekwa China na Hong Kong nayo yalikosa soko mapema mwaka ule. Katika Serengeti, iliyo jirani yetu, wageni walitoweka: watalii walioingia nchini walikuwa kama milioni 1.5 mwaka 2019, wakashuka hadi kama 620,000 mwaka 2020. Ukuaji wa uchumi wa nchi ulipungua kutoka karibu asilimia 7 hadi asilimia 4.8.

Dagaa hawakupata kipigo cha namna ile ile. Dagaa mkavu hahitaji ndege wala barafu, naye huliwa hapa nchini na kwa majirani zetu. Aliumizwa na ucheleweshaji wa malori mipakani, lakini mlaji wake hakutoweka. Twaweza kusema hivi: bidhaa yenye mnyororo mrefu na mteja wa aina moja hulipa vizuri siku za neema, nayo huanguka ghafula siku za shida. Bidhaa ya bei ndogo yenye walaji wengi wa karibu huanguka polepole.

Mwaka ule ule ziwa lenyewe lilijaa. Mei 2020 maji ya Ziwa Victoria yalifikia kimo cha rekodi ya 1964. Mialo, vichanja vya kuanikia, vyoo na nyumba za ufukoni vilimezwa katika sehemu nyingi za ziwa. Hivyo pigo la soko na pigo la maji yalifika pamoja. Maafa hayapangi foleni.

3. Hesabu ya mtumbwi

Sisi tuliofundisha wanafunzi wa ualimu twapenda kuona jambo ubaoni. Tuchukue mfano wa kufikirika. Mtumbwi umeleta sangara kilo 40, bei ni shilingi 6,000 kwa kilo. Mauzo ni shilingi 240,000. Petroli, barafu na matengenezo ya nyavu ni shilingi 120,000. Zimebaki shilingi 120,000. Tajiri achukua nusu, na vijana wanne wagawana nusu nyingine: kila mmoja shilingi 15,000.

Sasa bei ishuke kwa theluthi moja, iwe shilingi 4,000. Mauzo ni shilingi 160,000. Petroli haikushuka, barafu haikushuka. Zimebaki shilingi 40,000. Tajiri apata 20,000, na kila kijana apata 5,000. Bei imepungua kwa theluthi moja, lakini mgawo umepungua kwa theluthi mbili! Ikishuka hadi shilingi 3,000, mtumbwi utarudi na samaki wale wale kilo 40 na hakuna atakayepeleka kitu nyumbani.

Jambo hilo hutokea pia kwa upande wa gharama. Mei 2022, baada ya vita kuanza Ukraine, bei ya petroli Dar es Salaam ilipita shilingi 3,000 kwa lita, na mwezi uliofuata serikali ikaanza kutoa ruzuku. Mvuvi hakupigana vita hiyo, lakini injini yake iliilipia.

Kiwanda nacho kina hesabu ya namna hii. Mitambo ya baridi, mlinzi na riba ya benki hulipwa hata siku ambayo hapana samaki. Ndiyo maana viwanda hufunga milango mapema kuliko tunavyotazamia, na vingine havifunguliwi tena.

4. Ngazi ya kuuza

Nyumba iliyopigwa haianguki kwa mara moja. Hushuka kama mtu anayeshuka ngazi, kidato baada ya kidato.

Kidato cha kwanza ni kubana. Nguo hazinunuliwi, sukari inaachwa, mlo wa mchana unafutwa.

Kidato cha pili ni kuuza vidogo: kuku, mbuzi, redio, akiba ya mahindi.

Kidato cha tatu ni kukopa, mara nyingi kwa yule yule anayenunua samaki, kwa sharti kwamba samaki wote watakaovuliwa ni wake kwa bei yake.

Kidato cha nne ni kuuza kinachozaa: nyavu, injini, ng'ombe wa maziwa, shamba. Hapa pia ndipo mtoto huondolewa shuleni, na mwalimu huona mapema. Daftari la mahudhurio hutoa habari za maafa kabla ya taarifa yoyote ya ofisi.

Tofauti kati ya vidato hivi ni kubwa. Aliyeuza kuku aweza kurudi juu kwa miezi michache. Aliyeuza injini hana cha kupandia. Tena huiuza kwa bei ya kutupa, maana siku hiyo majirani zake wote wanauza injini na hapana mnunuzi ila mwenye fedha kutoka mbali.

Habari hii imo katika Mwanzo sura ya 41 na ya 47. Twapenda kusimulia jinsi Yusufu alivyotenga sehemu ya tano ya mavuno kwa miaka saba ya shibe. Hatusimulii sana jinsi wananchi wa Misri walivyoshuka wakati wa njaa: walitoa fedha kwanza, kisha mifugo, kisha mashamba, na mwisho wakajitoa wenyewe kuwa watumwa wa Farao. Maghala yaliokoa maisha, na hilo ni jambo kubwa. Lakini nafaka ilikuwa katika ghala la mfalme, wala si katika ghala la nyumba, na waliookoka hawakuwa tena na kitu chao. Basi, akiba ni ya nani? Swali hilo lastahili kufikiriwa na kila parishi.

5. Tufanye nini?

Kwanza, tuzuie kidato cha nne. Kila nyumba itaje vitu vyake vinavyozaa, mume na mke wakiwa pamoja, na wakubaliane vitakuwa vya mwisho kuguswa. Mapatano ya siku ya amani husaidia siku ya hofu.

Pili, akiba iwekwe kwa majira. Wavuvi wa dagaa wanajua giza na mbalamwezi. Mbalamwezi ikiwa kali hawaendi ziwani, nao hujipanga. Maafa ni mbalamwezi ambayo tarehe yake haijulikani. Fungu dogo la kila giza, likiwekwa kabla ya matumizi, ni bora kuliko fungu kubwa la mwisho wa mwaka ambalo halifiki.

Tatu, vikundi vya kuweka na kukopa vichanganye watu. Kikundi cha wavuvi watupu ni kizuri mtu mmoja akiugua, kwa kuwa wengine ishirini wapo wa kumshika. Soko likifungwa, wote ishirini na mmoja huhitaji mkopo siku moja, na sanduku ni tupu. Afadhali kikundi kiwe na mvuvi wa Rukuba, mkulima wa Etaro, fundi wa Musoma mjini na mwalimu mwenye mshahara. Ni vigumu wote wapigwe saa moja.

Nne, tuwe na mguu wa pili. Muhogo bara, bustani, mbuzi wachache, ufundi wa kushona. Lakini nao ulindwe: muhogo una batobato na michirizi ya kahawia, hivyo mbegu itafutwe kwa mabwana shamba, si kukata kila mti uliopo.

Tano, tusikope kwa woga. Mkopo wa mwaloni wa siku moja waweza kufunga bei ya samaki kwa miaka. Usomwe na watu wawili kabla ya kutiwa sahihi.

Mwisho, parishi yenyewe ni kikundi kilichochanganyika kuliko vyote. Ina watu wa kisiwani na wa bara, wenye shamba na wenye mtumbwi, wajane na wenye mishahara. Ikiwa itaweka kapu la dharura lenye hesabu ya wazi, kusudi lake liwe moja tu: kumkopesha mwenzetu apite mwezi mbaya bila kuuza wavu wala kumtoa mtoto shuleni. Kapu dogo lililofika kabla ya kidato cha nne lina nguvu kuliko msaada mkubwa uliofika baada yake.

Maswali ya kujadiliana katika vikundi

1. Mwaka 2020 nyumba yako ilishuka hadi kidato cha ngapi? Ni kitu gani ambacho hakijarudi hadi leo?

2. Fanyeni hesabu ya mtumbwi kwa bei za wiki hii za mwalo wenu. Bei ikishuka kiasi gani mgawo utakuwa sifuri?

3. Katika kikundi chenu cha akiba, wangapi wanategemea kazi ya aina moja?

4. Kapu la dharura likianzishwa, nani atashika ufunguo, nani ataandika daftari, na nani atalikagua? Watajeni watatu tofauti.