Shashi ni Rafiki wa Ng'ombe au Mwizi? Somo la Kupiga Picha Viumbe Waishio Pamoja

Katika Biolojia twafundishwa kwamba viumbe wa aina mbalimbali waweza kuishi pamoja kwa njia tatu. Ya kwanza ni ile ambayo wote wawili hupata faida. Ya pili, mmoja hupata faida na mwenziwe hapati faida wala hasara. Ya tatu, mmoja hupata faida kwa kumdhuru mwenziwe, kama kupe amnyonyavyo ng'ombe. Maneno haya ni mepesi kuyakariri kwa ajili ya mtihani. Lakini ukitoka darasani ukamtazama kiumbe aliye hai, si kazi nyepesi kusema yuko katika njia ipi. Muhula huu nimejaribu kulichungua jambo hili kwa kamera ya klabu yetu ya Biolojia.

Katika nchi nyingi wako watu wafugao samaki wa baharini nyumbani, katika matangi ya kioo yaliyojazwa maji ya chumvi, nao hupenda sana kupiga picha za namna hii. Humpiga picha samaki mdogo mwenye mistari myeupe akijificha katikati ya mikono yenye sumu ya anemoni, asidhurike kwa sababu ute wa ngozi yake humlinda. Samaki huyo yuko pia katika matumbawe ya Unguja na Mafia. Tena yuko samaki msafishaji, ambaye huwala wadudu walioshika ngozi za samaki wakubwa. Wataalamu wamegundua kwamba msafishaji huyo hupenda zaidi kuula ute wa mteja wake kuliko wadudu, na akipata nafasi humwibia. Basi hata kati ya marafiki kuna udanganyifu.

Sisi wa Nambis hatuna bahari, wala shule yetu haina tangi la kioo. Lakini tuna ng'ombe, na juu ya mgongo wa ng'ombe yuko shashi. Tanzania ina shashi wa aina mbili, mwenye domo jekundu na mwenye domo la njano. Miguu yake ni mifupi na kucha zake ni kali, hivyo aweza kuning'inia hata chini ya tumbo la mnyama. Domo lake ni bapa, naye hulipitisha katika manyoya kama mtu achanaye nywele. Hata kiota chake, ambacho hukijenga katika tundu la mti, hukitandika kwa manyoya aliyoyang'oa kwa wanyama.

Yafaa nieleze jinsi nilivyofanya, ili mwingine aweze kujaribu. Kwanza, niliomba ruhusa ya mwalimu na ya mwenye ng'ombe. Pili, nilikwenda asubuhi, jua likiwa nyuma yangu, kwa maana picha ya ndege aliye mbele ya jua hutoka nyeusi tupu. Tatu, sikumfuata ndege. Nilisimama mahali pamoja mpaka ng'ombe wakanizoea. Nne, kila picha niliiandikia katika daftari tarehe, saa, ng'ombe gani, na ndege alikuwa sehemu gani ya mwili. Picha isiyo na maelezo hayo ni pambo tu, haiwezi kuwa ushahidi.

Mzee niliyemwomba ruhusa alikuwa na maksai mwenye kidonda begani, palipochubuliwa na nira. Mzee alisema ndege wale ni waganga, maana wanasafisha kidonda. Kijana wake alisema ni wanyonyaji, naye alikwisha tengeneza manati ya kuwaua wote. Wakaniuliza, "Wewe mwanafunzi wasemaje?" Nikawaomba wanipe Jumamosi tatu.

Picha nyingi zilimwonyesha shashi masikioni na shingoni, na katika mbili kupe alionekana wazi mdomoni mwake. Hapo mzee alifurahi, kwa kuwa kupe ndiye aletaye ndigana. Lakini picha nyingine zilimwonyesha shashi amezamisha domo kidondani. Nilipozipanga kwa tarehe, kidonda kilikuwa kibichi kila Jumamosi. Je, picha hizo zathibitisha kwamba ndege ndiye aliyekizuia kisipone? Hapana, kwa sababu nira nayo ilikuwa bado inavaliwa.

Swali hili limefanyiwa jaribio. Mtaalamu Paul Weeks aliwachunguza ng'ombe nchini Zimbabwe, baadhi wakiwa na ndege na baadhi wakizuiliwa wasifikiwe nao. Katika matokeo aliyoyachapisha mwaka 2000, kuwafukuza ndege hakukuongeza kupe kwa kiasi cha maana, na ndege walivifanya vidonda vikawie kupona. Mtu akisoma hayo aweza kuifuata rai ya manati.

Lakini tusiharakishe. Jina jingine la shashi katika Kiswahili ni askari wa kifaru, na mwaka 2020 wataalamu Roan Plotz na Wayne Linklater walieleza majaribio yao juu ya vifaru weusi wa Afrika ya Kusini. Kifaru asiye na ndege alimgundua mtu anayemkaribia mara 23 tu katika kila 100. Mwenye ndege alimgundua kila mara, kwa sababu alisikia mlio wao wa hatari. Bila shaka waliompa ndege huyu jina la askari waliliona jambo hilo zamani.

Tena ndege hawa wakiisha hawarudi upesi. Shashi mwenye domo la njano alitoweka Afrika ya Kusini, na miongoni mwa sababu zitajwazo ni sotoka iliyowaua wanyama katika miaka ya 1890, na dawa ya arseniki iliyotiwa katika majosho. Alionekana tena katika hifadhi ya Kruger mwaka 1979.

Jibu nililompa mzee ni hili: shashi ni mwenye njaa, si mganga wala si adui. Ng'ombe mzima humpa kupe. Ng'ombe mwenye kidonda humpa damu. Kwa hiyo tatizo la kutibiwa ni kidonda. Mzee alimwita afisa mifugo, kidonda kikatiwa dawa, na maksai akapumzishwa nira. Kijana aliniambia manati ameiweka kwa muda, mpaka aone matokeo.

Wenzangu, zile njia tatu za darasani ni za kweli, ila kiumbe mmoja aweza kuhama kutoka njia moja hata nyingine kwa siku moja. Picha zote nimezibandika ukutani katika maabara, pamoja na daftari langu. Kidonda kikipona au kisipopona, nitaongeza picha ya nne.