Mafua Yanavyopita Ndani ya Nyumba

Juni ikiingia, Njombe hupoa kweli. Mji uko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na kule Makete kuna asubuhi ambazo nyasi huamka zimegandiwa na sakitu. Familia hujifungia ndani mapema, jiko la mkaa likiwa katikati. Mtoto mmoja anapiga chafya, na wiki haijaisha nyumba nzima inavuta kamasi. Lawama zote huangukia baridi: ulitoka bila sweta, ulikanyaga maji.

Tuichunguze tuhuma hiyo. Mwaka 1946 Uingereza ilifungua kituo cha utafiti wa mafua karibu na mji wa Salisbury. Aliyekiongoza, Christopher Andrewes, alikuwa mmoja wa waliogundua kirusi cha influenza (mafua makali) cha binadamu mwaka 1933. Watu waliojitolea walioga maji ya moto, wakasimama nusu saa kwenye korido yenye upepo hali wamelowa, kisha wakavaa soksi mbichi. Waliopigwa na baridi hiyo bila kutiwa virusi puani hawakupata mafua. Hapo ndipo pa kuanzia: pasipo kirusi, baridi haizai mafua, na kirusi hutoka kwa mtu.

Hata hivyo baridi ina mkono wake. Ndani ya pua joto ni kama nyuzi 33, chini ya zile 37 za mwilini, na virusi vingi vya mafua ya kawaida huzaana vizuri zaidi hapo. Influenza nayo hupenda hewa baridi na kavu. Katika majaribio yaliyochapishwa mwaka 2007, simbilisi wagonjwa waliwaambukiza kwa urahisi wenzao wa kizimba cha jirani katika nyuzi 5, lakini katika nyuzi 30 maambukizi kwa njia ya hewa yalikatika.

Lakini kwa maoni yangu, kosa kubwa la msimu huu liko kwenye madirisha. Mtu akipumua, akiongea au akikohoa hutoa matone. Makubwa huanguka karibu naye. Yale madogo mno huelea kama moshi wa sigara, ambao huuoni tena ila chumba kizima kinanuka. Kiasi cha virusi unachovuta hutegemea vilivyomo hewani na muda unaokaa humo. Fungua madirisha mawili yanayotazamana, hata kwa dakika chache mara kadhaa kwa siku, na kiasi hicho kitapungua. Wengi huona ni kumtesa mgonjwa. Mvalishe sweta, mfunike blanketi, lakini hewa ipite. Tena mkaa unaowaka katika chumba kilichofungwa hutoa kaboni monoksidi, sumu isiyo na harufu, inayoua watu usingizini. Watoto wanaolala kitanda kimoja walale mzungu wa nne, angalau nyuso zitengane.

Njia ya pili ni mikono. Mtazame mtoto: anafuta kamasi kwa mgongo wa mkono, anashika komeo. Mama anafungua mlango uleule, moshi wa jiko unamwasha, anasugua jicho. Machozi hupita kwenye kijitundu kilicho konani mwa jicho na kushuka puani, na kirusi hushuka nayo. Hakuna aliyemkoholea mama, lakini keshaambukizwa.

Kirusi cha influenza kimevikwa utando wa mafuta, na sabuni huupasua. Virusi vingi vya mafua ya kawaida havina utando huo; vyenyewe huondoka kwa kusuguliwa na kusombwa na maji yanayotiririka. Kwa hiyo kibuyu chirizi na kipande cha sabuni hufanya kazi ambayo kitakasa mikono hakiimalizi. Sugueni sekunde 20 kabla ya kula, hasa mnaokula sinia moja, na msisubiri mtu augue: mwenye influenza huweza kuambukiza tangu siku moja kabla ya dalili.

Chanjo ya influenza hubadilishwa mara kwa mara kwa sababu kirusi chenyewe hubadilika. Haipatikani kila mahali, lakini mjamzito aiulizie kliniki, kwani mtoto wa chini ya miezi 6 hachanjwi. Kinga yake hutoka kwa mama. Antibayotiki haziui virusi, hivyo kumeza vidonge vilivyobaki kabatini hakusaidii mafua.

Mafua mengi hupona yenyewe. Kinachotisha ni nimonia kwa watoto. Mtoto akiwa ametulia, halii wala hanyonyi, mfunue kifua uhesabu pumzi zake dakika nzima. Mwenye umri wa chini ya miezi 2 akifikisha 60, wa miezi 2 hadi 11 akifikisha 50, au wa mwaka 1 hadi 5 akifikisha 40, mpelekeni kituo cha afya siku hiyohiyo. Mbavu zikibonyea ndani anapovuta pumzi, au akishindwa kunyonya, msingoje kuhesabu.