Mashine ya Boti Ikigoma, Anzia Tangini

Mashine ya boti ikikataa kuwaka, wengi hukimbilia spana ya plagi. Kijitabu hiki kinapinga mazoea hayo. Tunashauri ukaguzi uanzie kwenye tangi na kuufuata mkondo wa mafuta hadi ndani ya mashine, na kila kinachokaguliwa kwa jicho, pua au vidole kitangulie kinachohitaji kufunguliwa. Mashine ya petroli ya kufunga nyuma, ile ya mafuta yaliyochanganywa na oili ambayo wavuvi wa mwambao na wa Ziwa Victoria wanaijua vizuri, huwaka kwa mambo matatu tu: petroli safi yenye hewa ya kutosha, cheche kwa wakati wake, na pistoni inayobana sawasawa. La kwanza hupita njia ndefu iliyo nje, machoni pa nahodha, na njia hiyo ina vizuizi vingi visivyohitaji fundi. Kabla ya yote, tia nanga. Kama kina ni kirefu, funga ndoo kwa kamba na uitupe mbele ya chombo: itakizuia kupeperushwa haraka na itakielekeza omo kwenye mawimbi.

Tazama kwanza ule uzi wa usalama unaofungwa mkononi. Kibanio chake kikichomoka, hakuna cheche, hata uvute kamba hadi jioni. Gia nayo iwe huru. Kisha nenda kwenye kifuniko cha tangi ukaone kama tundu la hewa liko wazi. Tundu hili linastahili maelezo, kwa sababu linadanganya watu. Likifungwa, mashine huwaka vizuri ufukweni, kwa kuwa tangini bado kuna hewa, halafu huzimika njiani petroli inaposhindwa kutoka. Nahodha aliyeiona ikinguruma asubuhi hawezi kuamini kwamba kosa ni skrubu iliyosahauliwa. Pampu ya mkono, ile ya mpira iliyo kwenye paipu, humweleza ukweli akiisikiliza. Ikinywea bila kurudi, mafuta yamezuiwa upande wa tangi. Ikibaki laini hata baada ya kuminywa mara nyingi, tangi ni tupu, au paipu inavuta hewa mahali, mara nyingi kwenye kiungio. Ikiwa ngumu, mafuta yamefika kwenye mashine, na hapo ndipo panapofaa kuwaza mengine.

Atatokea wa kusema kwamba plagi huharibika kweli, na bahari ina chumvi. Ni kweli. Lakini plagi hutoa ushahidi mara nyingi zaidi kuliko inavyokuwa mkosaji. Ikitoka kavu, mafuta hayafiki. Ikitoka imelowa, mafuta yamezidi au cheche haipo. Anayebadilisha plagi iliyolowa bila kuuliza imelowa kwa nini, atailowesha na mpya pia. Tena kuifungua chombo kikiyumba kuna hasara zake: maji ya chumvi huingia tunduni, na plagi ikirudishwa kwa pupa hukata nyuzi za aluminiamu, kosa ambalo halirekebishwi baharini. Kupima cheche karibu na mvuke wa petroli ni kuchezea moto kwa maana halisi ya neno.

Mafuta yenyewe yanahitaji shaka zaidi. Maji ni mazito kuliko petroli, hivyo hutuama chini ya tangi, palepale paipu inaponyonya. Mimina kidogo kwenye chupa angavu, uiache itulie, na mstari utaonekana. Mafuta ya taa ni hila nyingine, kwa kuwa hayajitengi chupani. Mwaka 2018 Kenya iliyatoza mafuta ya taa shilingi 18 kwa lita ili kuondoa faida ya kuyachanganya na mafuta mengine. Mchanganyiko wa oili nao una kipimo. Kwa mashine inayotaka sehemu 50 za petroli kwa moja ya oili, tangi la lita 25 linahitaji nusu lita ya oili. Wanaozidisha kwa kudhani wanailinda mashine huzichafua plagi, kisha huzilaumu.

Pingamizi zito zaidi ni la muda: upepo ukisukuma chombo kwenye mwamba, nani atakagua? Ndiyo maana nanga ilitangulia. Kuvuta kamba mfululizo choki ikiwa imevutwa hakuokoi muda. Hujaza petroli ndani hadi harufu isikike. Hapo chomoa paipu ya mafuta, rudisha choki, fungua mafuta hadi mwisho gia ikiwa huru, vuta mara kadhaa, na mara ikishika punguza. Wapo pia waliofunga waya kuukwepa ule uzi wa usalama kwa sababu unasumbua. Wameondoa usumbufu mmoja, lakini siku nahodha akianguka majini, rafadha itaendelea kuzunguka bila mtu.

Utaratibu huu una mpaka. Kamba ikivutika kirahisi kuliko siku zote, bila ule ukinzani wa kawaida, pistoni haibani tena, na hakuna la kufanya majini. Shika makasia au tweka tanga, na uite msaada mapema, kwa chaneli ya 16 kama una redio, wakati mchana bado upo.